Ziwa Victoria na Taaluma Tatu: Jinsi Siasa ya Kimataifa, Uchumi na Uendelevu Vinavyosomwa kwa Pamoja

Utangulizi

Mwanafunzi anayetoka sekondari na kuingia chuo kikuu hukuta maarifa yamegawanywa katika vitivo na idara. Biolojia ina maabara yake, uchumi una majedwali yake, na sayansi ya siasa ina mikataba na katiba zake. Mgawanyo huu una sababu nzuri. Hakuna binadamu awezaye kuyajua yote, na atakaye kuchimba kisima kirefu hana budi kuchimba mahali pamoja. Lakini matatizo yanayowakabili wananchi hayakugawanywa kwa vitivo. Samaki anaponaswa wavuni, tukio hilo ni la kibiolojia, la kiuchumi na la kisiasa kwa wakati mmoja. Anayelitazama kwa upande mmoja tu aweza kutoa jibu lililo sahihi, lakini lisilosaidia.

Kwa sababu hiyo vyuo vikuu vingi vimeanzisha masomo yanayounganisha siasa ya kimataifa, uchumi na uendelevu. Wazo hili si geni katika Afrika Mashariki. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Taaluma za Maendeleo iliundwa mwaka 1973, na wanafunzi wa fani mbalimbali, wahandisi na madaktari wakiwemo, wamekuwa wakisoma humo jinsi fani zao zinavyohusiana na maisha ya jamii nzima.

Kabla ya kuendelea, maneno matatu yafafanuliwe. Siasa ya kimataifa huchunguza jinsi mataifa, mashirika na masoko yanavyopatana, kushindana na kulazimishana. Uchumi huchunguza jinsi watu wanavyotumia vitu vilivyo haba, na jinsi gharama na faida zinavyogawanyika. Uendelevu ni sifa ya maendeleo yanayotosheleza mahitaji ya watu wa leo bila kuwaondolea watu wa kesho uwezo wa kutosheleza mahitaji yao. Maana hii ya tatu ilienea duniani baada ya taarifa ya mwaka 1987 ya Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway.

Makala haya yanaeleza namna taaluma hizo zinavyofanya kazi pamoja kwa kutumia mfano mmoja, nao ni sangara wa Ziwa Victoria. Swali litakalofuatwa ni hili: nani ale samaki wa ziwa hili, leo na kesho, na nani aamue?

Ziwa na samaki wake

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi. Miongoni mwa maziwa ya maji baridi duniani, ni la pili kwa ukubwa wa eneo. Takribani nusu yake imo Tanzania, zaidi ya asilimia 40 imo Uganda, na asilimia 6 hivi imo Kenya. Ingawa ni pana, ziwa hili si la kina kirefu, kwani hata pale penye kina zaidi hapafikii mita 100. Kwa hiyo yale yanayotendeka nchi kavu, yaani kilimo, miji na viwanda, huonekana upesi majini.

Mwanzoni mwa karne ya 20 samaki aliyethaminiwa zaidi na wavuvi alikuwa ngege. Nyavu za makila za aina mpya ziliingizwa upande wa Kenya mwaka 1905, na haukupita muda mrefu ngege wakaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa Kiingereza, Michael Graham, alilipima ziwa, na taarifa yake ikatoka mwaka 1929. Alipendekeza matundu ya nyavu yasiwe madogo kupita kiasi. Aidha, alionya kwamba kuleta ziwani samaki mkubwa mla samaki kutoka mahali pengine kungekuwa na hatari kubwa.

Onyo hilo halikufuatwa. Katika miaka ya 1950 samaki wageni wawili waliingizwa, sato na sangara. Sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, aliletwa kutoka Ziwa Albert. Inafahamika kwamba aliingizwa Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza mwaka 1954, na wengine waliongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hoja ya waliotaka aletwe ilikuwa ya kiuchumi. Ziwa lilijaa furu, samaki wadogo wenye miiba mingi na bei ndogo. Ilidhaniwa kwamba sangara angewala furu na kuwageuza kuwa nyama nyingi yenye bei kubwa. Geoffrey Fryer, mtafiti aliyekuwa Jinja, alipinga hoja hiyo kwa maandishi mwaka 1960. Alisema kwamba katika kila hatua ya mnyama kumla mnyama sehemu kubwa ya chakula hupotea, hivyo mavuno ya jumla ya mla samaki hayawezi kulingana na mavuno ya wale anaowala.

Kwa miaka ishirini hivi yaliyoonekana yalikuwa machache. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara waliongezeka ghafla, kwanza upande wa Kenya, kisha Uganda na Tanzania. Furu, waliokuwa na spishi zaidi ya 500 na ambao walikuwa sehemu kubwa ya uzito wa samaki wote ziwani, walianguka. Inakadiriwa kwamba spishi 200 hivi zilitoweka au zilibaki chache mno. Wataalamu wengi wameueleza msiba huo kuwa miongoni mwa mikubwa kabisa ya kutoweka kwa wanyama wenye uti wa mgongo katika nyakati hizi.

Jicho la mwanabiolojia

Mwanabiolojia huanza kwa kuuliza nani humla nani. Sangara mdogo hula uduvi na wadudu wa majini. Akikua hula samaki, na aweza kufikia urefu wa karibu meta 2 na uzito unaozidi kilo 100. Furu walipopungua, sangara waligeukia uduvi, dagaa na hata watoto wao wenyewe. Baadaye, uvuvi mkali ulipowapunguza sangara wakubwa katika miaka ya 1990, baadhi ya furu walianza kuonekana tena. Ziwa, basi, ni mfumo ambao kila sehemu yake hujibu mabadiliko ya sehemu nyingine.

Hata hivyo mwanabiolojia mwangalifu hamtwiki sangara lawama yote. Udongo uliochimbwa kutoka sakafu ya ziwa umeonyesha kwamba rutuba ya maji, hasa fosforasi, ilianza kuongezeka miongo mingi kabla ya miaka ya 1980, kadiri mashamba na makazi yalivyopanuka katika bonde lake. Rutuba hiyo hukuza mwani, mwani ukifa huoza, na uozaji hutumia oksijeni ya maji ya chini. Gugumaji, lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba ghuba nyingi katika miaka ya 1990, lilistawi kwa rutuba hiyo hiyo.

Tena kuna jambo la ajabu. Furu wa kike humchagua mume kwa rangi yake. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka na mwanga ukapungua, rangi hazionekani vema. Matokeo yake ni kwamba spishi zilizokuwa zimejitenga huanza kuchanganyika, hata mahali ambapo sangara si tatizo kubwa. Chanzo cha kutoweka kwa samaki chaweza kuwa shamba lililo mbali na ziwa, ambalo mwenye kuhesabu nyavu peke yake hawezi kuliona.

Jicho la mwanauchumi

Mwanauchumi naye huuliza kwa nini wavuvi, ambao ni watu wenye akili timamu, huendelea kuongeza mashua hali samaki wanapungua. Jibu la msingi lilitolewa mwaka 1954 na mwanauchumi wa Kanada, H. Scott Gordon. Laweza kuelezwa kwa mfano ufuatao, ambao tarakimu zake zimebuniwa kwa ajili ya somo hili tu.

Ichukuliwe ghuba moja ambamo kila mashua hugharimu thamani ya kilo 40 za samaki kwa siku, kwa mafuta, nyavu na ujira. Kadiri mashua zinavyoongezeka, kila moja hupata kidogo zaidi:

Mashua 10: kila moja kilo 100; jumla kilo 1,000; faida ya wote kilo 600.
Mashua 20: kila moja kilo 80, jumla kilo 1,600, faida ya wote kilo 800.
Mashua 30: kila moja kilo 60, jumla kilo 1,800, faida ya wote kilo 600.
Mashua 40: kila moja kilo 40, jumla kilo 1,600, faida ya wote sifuri.

Msomaji aitazame orodha hii kwa makini. Mavuno makubwa kuliko yote hupatikana kwa mashua 30, lakini faida kubwa kuliko zote hupatikana kwa mashua 20. Tena, mashua 20 na mashua 40 huvua uzito ule ule. Mashua 20 za nyongeza hazimletei mlaji hata kilo moja zaidi. Pamoja na hayo, ghuba isiyo na mwenyewe wala sheria itafikia mashua 40, kwa sababu kila anayeingia huhesabu faida yake mwenyewe, wala hahesabu hasara anayowatia wenzake. Mwenye mashua ya 31 hafanyi kosa lolote la hesabu. Kwake yeye biashara bado inalipa.

Mwanauchumi huongeza jambo la pili, nalo ni soko. Katika miaka ya 1980 na 1990 viwanda vya kuchakata samaki vilijengwa katika miji ya kando ya ziwa kama Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja. Minofu ya sangara iliuzwa Ulaya na kwingineko. Fedha za kigeni ziliingia, na maelfu ya watu walipata kazi za uvuvi, uchukuzi na viwandani. Lakini bei ya mwaloni sasa ilivutwa na mlaji wa mbali mwenye kipato kikubwa. Jirani wa kiwanda alibaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya minofu kutolewa, ambavyo hukaangwa au kukaushwa na kuuzwa. Baadaye hata mabondo ya sangara yalipata soko lenye bei kubwa huko China. Wanawake ambao zamani walikausha furu juani na kuwauza sokoni walipoteza biashara hiyo. Sangara ana mafuta mengi, hakauki vema kwa jua, na humtaka mchuuzi awe na kuni za kumbanikia, jambo linaloirudisha hesabu kwenye misitu ya bonde.

Jicho la mtaalamu wa siasa

Mtaalamu wa siasa huuliza nani ana uwezo wa kuamua, na kwa kibali cha nani. Ziwa hili lina serikali tatu, lakini samaki hawajui mipaka. Wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza utafiti wa uvuvi wa maji baridi ulifanywa na shirika la pamoja lenye makao yake Jinja. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi mwaka 1979, na Tanzania ikaunda Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, kwa sheria ya mwaka 1980. Kwa hiyo sangara walienea katika miaka ile ile ambayo shirika la pamoja la kuwafuatilia lilikuwa limekwisha vunjwa. Mkataba wa kuunda Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, LVFO, ulitiwa sahihi mwaka 1994, miaka 17 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya. Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulifuata mwaka 1999, na Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria mwaka 2003.

Lakini mamlaka juu ya ziwa hayakuwa mikononi mwa serikali tatu peke yake. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliweka vizuizi na marufuku kwa samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya vijidudu na ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa sababu ya taarifa kwamba baadhi ya watu walivua kwa sumu. Masoko yalifunguliwa tena kwa nchi moja moja, kila moja kwa wakati wake, kuanzia mwaka 1999. Viwanda vilipunguza kazi na bei za mialoni zikaanguka. Ili kurudi sokoni, serikali zililazimika kuimarisha ukaguzi, maabara na usafi wa mialo. Hapa mwanafunzi huona jambo ambalo halimo katika ramani ya nchi yoyote: kanuni ya mnunuzi iliyoandikwa Ulaya ilibadili maisha ya mchukuzi wa samaki wa Mwanza upesi kuliko sheria nyingi za nyumbani.

Nguvu ya bei huonekana pia katika kisiwa cha Migingo, mwamba mdogo kuliko uwanja wa mpira wa miguu, uliozozaniwa na Kenya na Uganda, hasa mwaka 2009. Mwamba huo haulimiki. Thamani yake ni sangara walio karibu nao. Tena mwaka 2017 Uganda ilianza kulitumia jeshi kusimamia sheria za uvuvi. Wako waliosifu kupungua kwa zana haramu, na wako waliolalamikia nguvu iliyotumiwa. Anayesoma siasa hujifunza kuuliza yote mawili: je, kanuni inafanya kazi, na je, inakubaliwa na wale inaowahusu?

Pale majibu yanapogongana

Sasa majibu matatu yawekwe pamoja. Kwa ghuba ya mfano uliotolewa juu, mtaalamu wa uvuvi anayetaka mavuno makubwa atapendekeza mashua 30. Mwanauchumi anayetaka faida atapendekeza 20. Mwanasiasa aliyepigiwa kura na wavuvi wa mashua 40 ana hesabu nyingine. Kama kila mashua ina watu 4, kuzipunguza kutoka 40 hadi 20 ni kuwaondoa watu 80 kazini, nao wana familia. Hakuna kati ya watatu hao aliyekosea hesabu yake. Wanatofautiana kwa sababu kila mmoja ameulizwa swali tofauti.

Hili ndilo jambo la msingi la somo zima. Sayansi yaweza kueleza matokeo ya kila uamuzi, lakini haiwezi peke yake kuchagua nani abebe hasara. Chaguo hilo ni la kisiasa. Walakini chaguo la kisiasa lisilojali matokeo yaliyoelezwa na sayansi halidumu, maana samaki wakiisha hakuna kura itakayowarudisha. Asiyejua taaluma nyingine hushawishika kudhani kwamba swali lake ndilo swali pekee.

Mfano wa kanuni iliyojaribu kuunganisha majibu ni kanuni ya kipimo cha sangara. Nchi za ziwa zilikubaliana kwamba sangara avuliwe akiwa na urefu wa kati ya sentimeta 50 na 85. Kikomo cha chini kina sababu ya kibiolojia: samaki mdogo hajazaa bado. Kikomo cha juu pia kina sababu ya kibiolojia, kwani wengi wa wakubwa ni majike wenye mayai mengi sana. Lakini kikomo hicho cha juu kina gharama kwa mvuvi, ambaye sangara mkubwa na bondo lake ni mapato ya wiki nzima. Kikomo cha chini nacho huwa chepesi kutekelezwa katika kiwanda, ambako kila samaki hupimwa, na kigumu katika soko la kijiji, ambako sangara mdogo ndiye pekee anayenunulika. Basi kanuni moja iliyotungwa kwa nia njema yaweza kumgusa maskini kuliko tajiri. Mwenye kuitathmini hana budi kujua uzazi wa samaki, bei ya bondo na namna mwalo unavyosimamiwa, yote matatu.

Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare iliuonyesha ulimwengu mapanki ya Mwanza, na mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliipinga kwa ukali. Mabishano yalikuwa makali, lakini sehemu kubwa yake ilihusu sifa njema ya nchi. Swali ambalo lingepaswa kupimwa ni jepesi kulitamka: kaya zilizo kando ya ziwa zilikula samaki kiasi gani kabla ya viwanda, na kiasi gani baada yake? Swali la namna hii huhitaji mtaalamu wa lishe, mwanauchumi na mtaalamu wa jamii waketi meza moja.

Masharti ya kuunganisha taaluma

Kuunganisha taaluma si kuchukua kidogo kutoka kila moja kama anayeonja mboga sokoni. Yako masharti manne ambayo wanafunzi wa vyuo vikuu hufundishwa, na ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuanza kuyazoea.

Kwanza, mwanafunzi sharti aimudu taaluma moja vizuri. Asiyejua kuchora grafu ya mavuno hataweza kuibishia, na asiyejua kusoma mkataba hataona kilichoachwa.

Pili, maneno yafafanuliwe. Neno "uvuvi bora" kwa mwanabiolojia lina maana ya mavuno yasiyomaliza samaki. Kwa mwanauchumi ni faida kubwa. Kwa waziri ni ajira na amani. Mabishano mengi ya wasomi ni ya watu wanaotumia neno moja kwa maana tatu.

Tatu, vipimo vya muda na mahali vilinganishwe. Fosforasi hupanda kwa miongo, sangara hukua kwa miaka, bei hubadilika kwa siku, na bunge huchaguliwa kila baada ya miaka 5. Sera inayopimwa kwa muda wa uchaguzi itaonekana njema hata kama inaharibu kitu kinachokwenda polepole zaidi.

Nne, kila nadharia ipimwe kwa mambo yaliyotokea. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba mali inayotumiwa na wote bila kizuizi huangamia, na kwamba dawa yake ni kuigawa kwa watu binafsi au kuiweka chini ya nguvu ya serikali. Elinor Ostrom, mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Marekani, alichunguza wavuvi, wakulima wa umwagiliaji na wachungaji wa nchi mbalimbali. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alionyesha kwamba jumuiya nyingi zimeitunza mali ya pamoja kwa miaka mingi kwa kanuni walizojitungia wenyewe, zenye mipaka iliyo wazi, ulinzi wa zamu na adhabu zinazoanza ndogo na kuongezeka. Mwaka 2009 Ostrom alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi, ingawa hakuwa mwanauchumi kwa mafunzo ya udaktari wake. Swali la mwanabiolojia, lililopimwa na mtaalamu wa siasa, lilileta heshima ya juu ya uchumi.

Mawazo ya namna hiyo yamefika hata mialoni. Vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa mialo, vijulikanavyo kwa kifupi cha BMU, viliundwa katika nchi zote tatu ili wavuvi, wachuuzi na wenye mashua washiriki katika kulinda ziwa. Vingine vimefaulu na vingine vimedhoofika, na tofauti hiyo yenyewe ni mada nzuri ya utafiti. Mwanafunzi aulize: ni nani huwachagua viongozi, ada hukusanywa na kutumiwa na nani, na je, mchuuzi mwanamke ana sauti sawa na mwenye mashua kumi?

Zoezi kwa madarasa

Walimu wa biolojia, jiografia, uchumi na uraia wa shule moja waweza kushirikiana kwa wiki mbili katika zoezi lifuatalo. Halihitaji vifaa vya gharama. Shule zilizo mbali na ziwa zaweza kutumia dagaa, mkaa, kahawa, pamba au zao lolote la mahali pao.

1. Darasa lichague bidhaa moja na kuifuata kutoka inapopatikana hadi kwa mlaji wa mwisho. Katika kila hatua liandike nani anaishika, analipwa kiasi gani, na nini kinatupwa.

2. Wanafunzi wachore grafu mbili za ghuba ya mfano, moja ya mavuno ya jumla na nyingine ya faida, kwa mashua 0 hadi 40. Waonyeshe mahali pa mavuno makubwa, pa faida kubwa na pa faida sifuri. Kisha wafikirie bei ya samaki imepanda, hata gharama ya mashua ikawa sawa na kilo 20 badala ya 40, na waeleze idadi ya mashua itaelekea wapi na mavuno yatakuwaje.

3. Darasa ligawanywe katika makundi matano: wavuvi, wachuuzi wa kike, wenye viwanda, wataalamu wa uvuvi, na wajumbe wa serikali tatu. Kila kundi litoe pendekezo juu ya kufunga ziwa kwa miezi miwili kila mwaka. Baada ya mjadala, kila kundi lieleze kwa haki hoja ya kundi lililopingana nalo zaidi, kabla ya kupiga kura.

4. Wanafunzi waeleze kwa nini dagaa, ambaye sasa ni sehemu kubwa ya uzito wa samaki wanaovuliwa ziwani, anagombewa na mlaji wa ugali na mtengenezaji wa chakula cha kuku. Wataje takwimu ambazo wangehitaji ili kuamua ni matumizi yapi yanaisaidia zaidi lishe ya watoto.

5. Swali la mwisho lijibiwe kwa maandishi, si chini ya kurasa mbili: kama wangekuwa katika mkutano wa miaka ya 1950 uliojadili kumleta sangara, wakiwa na onyo la Graham mkononi na njaa ya fedha mbele yao, wangeuliza maswali gani, na wangemwita nani mwingine mezani kabla ya kuamua?